Ngozi Ambayo Paskalia Hakuitaja

Mgodini Geita,
7 Machi 1954

Kwa Mjomba Ngassa,

Shikamoo Mjomba. Sisi huku hatujambo, ukiacha vumbi la mashine za kusagia mawe, ambalo linaingia hata ndani ya sufuria yenye kifuniko. Stanslaus anakusalimu. Mwezi huu yuko zamu ya chini ya ardhi, anarudi nyumbani mweupe kuanzia nywele mpaka kope, na mimi namcheka kwanza ndipo nampa maji. Jirani yangu Bhoke, yule mama wa Musoma niliyekusimulia, amepata kuku wa kutaga, na sasa safu yetu ya nyumba haina siri, maana kuku huyo anaingia kila nyumba bila hodi. Nisalimie Bibi Limi. Mwambie mtama wake tuliula ukaisha na bado tunausifu.

Kilichonifanya nishike kalamu Jumapili hii badala ya kulala ni wadudu. Nina ngozi moja humu ndani, naiweka katika sanduku la bati chini ya kitanda. Juzi nimeikunjua, nikakuta mikunjo imejaa viwavi wa kahawia wenye manyoya, na maganda yao matupu, na unga unga kama wa tumbaku. Wameanza kula ukingo. Nikawaua wote kwa kidole. Kesho yake nikafungua, nikakuta wengine, na kati yao vidundu weusi wanaojifanya maiti ukiwagusa. Stanslaus anasema niitupe hiyo ngozi tulale kwa amani. Hajui asemalo.

Wewe mwaka wa tisa huu uko katika banda la ngozi hapo Shinyanga. Naomba unitafutie dawa. Ngozi yenyewe siwezi kuitupa, na nyingine ya namna hiyo hainunuliki.

Akuheshimuye,
Paskalia


Shinyanga,
28 Machi 1954

Kwa mpwa wangu Paskalia,

Marahaba mwanangu. Barua yako imechukua siku kumi na sita kufika, nadhani ilitembea kwa miguu. Tumeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili yangu, na mara ya pili kwa ajili ya Bibi yako, ambaye hapendi nisome haraka. Ni mzima. Pamba imechanua, mvua imetosha, na michembe ya viazi ya mwaka jana bado imejaa kihengeni. Mimi pia ni mzima, ila nanuka ngozi kama kawaida, na mke wangu amekwisha kata tamaa.

Sasa umenigusa pale penyewe. Wadudu hao ndio adui zangu na ndio wanaonilisha, maana bila wao tajiri wetu asingehitaji mtu wa kukagua ngozi. Miaka mingi niliwaponda kwa kidole kama ufanyavyo wewe, mpaka Bwana Mifugo mmoja aliyekuwa anahamishwa kwenda Tabora akaniachia kioo chake cha kukuzia. Siku hiyo nilimweka kidundu juu ya kucha yangu nikamtazama. Mgongoni alikuwa mweusi kama nilivyomjua, lakini tumboni alikuwa mweupe, amevaa nywele nyeupe zilizolazwa upande mmoja, kana kwamba kuna mtu amemchana asubuhi hiyo. Ncha ya kila gamba la bawa ina mwiba mmoja mdogo. Mwiba huo nani anauona? Kidundu mwenyewe hauoni, uko nyuma yake. Nikajiuliza Mungu alipata wapi wasaa wa kuushughulikia mwiba ule, na huku ana jua la kuchomozesha na watu wote hawa wanaomlilia.

Tangu hapo nimewatenga kwa aina. Wa kwanza ni huyo wa tumbo jeupe, mla ngozi na mizoga. Wa pili ni mdogo wa mviringo, mgongo wake una magamba meupe, ya manjano na meusi yaliyopangwa kama kazi ya shanga. Akikomaa huhamia kwenye maua, na viwavi wake ndio wala ngozi. Wa tatu anang'aa buluu na ana miguu myekundu. Huyo asili yake ni samaki wakavu, na njaa ikimbana hula watoto wa wenzake. Ukimjua mdudu utajua ametoka wapi, na hapo nusu ya kazi imekwisha. Kwa hiyo niwekee wafu wachache ndani ya kiberiti pamoja na pamba na vumbi lao, uniletee.

Kwa sasa nakutumia dawa kwa mkono wa Masele, anayepeleka ng'ombe wa nyama huko mgodini kwa lori. Ni unga mweupe ndani ya kopo la chai, ndio tunaotumia kuchovya ngozi za kwenda Ulaya. Koroga kijiko katika chupa ya maji, paka kwa kitambaa, anika kivulini. Kopo lisikae karibu na chakula, maana dawa hiyo ni ndugu wa dawa ya josho. Ndama akilamba hafiki jioni. Ila ngozi ikishakauka haina neno. Sisi tunazishika kutwa na tupo.

Hukuniambia ni ngozi ya nini. Ya kukalia? Ya kulalia? Kama ni ya ngoma usiipake, itaharibu sauti.

Mjomba wako, mtu wa vidundu,
Ngassa


Mgodini Geita,
2 Mei 1954

Kwa Mjomba Ngassa,

Shikamoo. Masele alifika salama na kopo, na ng'ombe, na maneno mengi. Tumempikia ugali na sato, akala kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Stanslaus amehamishiwa zamu ya mchana. Mwanaima, mke wa fundi wa mashine, yule wa Ujiji, ananifundisha kushona, na mpaka sasa nimeshona kidole changu mara tatu.

Dawa nimepaka. Nimepaka mara mbili, kwa sababu nataka ngozi idumu. Ni ngozi ya mbuzi tu, Mjomba, usihangaike nayo.

Lakini umeniambukiza ugonjwa wako. Kabla sijapaka nilimchukua kiwavi mmoja nikamweka ndani ya chupa tupu ya kwinini, pamoja na kipande cha nyama kavu, nikaiziba kwa kizibo. Siku ya nne mgongo wake ulipasuka kwa urefu, akatoka ndani ya nguo yake mwenyewe, mweupe, laini, akatulia pembeni mpaka akakauka akawa wa kahawia tena. Ile nguo ilibaki imesimama na manyoya yake yote, hata pembe mbili ndogo za mkiani. Nilisahau maharage jikoni yakaungua. Baada ya wiki moja nikaamka nikakuta chupa ni tupu na kizibo kimefungwa vile vile. Nilitafuta mpaka nikaona tundu: alikuwa ametoboa kizibo, akaingia ndani yake, akajifungia alale. Siku nyingi baadaye akatoka kidundu mweusi mwenye mabawa, mwenye tumbo jeupe kama ulivyosema.

Nilimwita Stanslaus atazame. Yeye kutwa anapasua miamba kwa baruti. Alitazama lile tundu kwa muda mrefu, akasema huyu ametoboa kwa meno na hakuacha hata ufa. Kisha akaniomba nisimuue, tukamwachia dirishani.

Wale wa buluu wenye miguu myekundu nimewakuta katika kapu la samaki furu wakavu lililoning'inia juu ya sanduku. Nimelihamishia nje. Kiberiti nimempa Masele akuletee. Humo mna wadudu na vumbi lote nililokung'uta siku ya kwanza.

Msalimie Bibi. Mwambie nafuata maneno yake.

Mwanafunzi wako asiyelipa ada,
Paskalia


Shinyanga,
6 Juni 1954

Kwa mpwa wangu Paskalia,

Marahaba, marahaba. Barua yako imefika lakini kiberiti hakijafika. Masele yuko karantini na lori lake upande wa Kahama. Kuna ugonjwa wa miguu na midomo, na Serikali imefunga njia zote za ng'ombe. Nami nina karantini yangu: fahali mmoja pale bandani alinikanyaga mwezi uliopita, mguu ukavunjika chini ya goti, sasa umefungwa plasta mpaka pajani. Nakagua ngozi nikiwa nimekaa kitini kama mtemi.

Habari ya chupa yako niliisoma nikapiga paja, bahati nzuri lile zima. Nami nikupe yangu. Mwalimu mmoja wa hapa alipata kichwa cha tandala, akataka fuvu safi la kufundishia. Wenzangu wakasema achemshe. Nikamwambia aniachie. Nikakiweka katika sanduku pamoja na vidundu wangu wapatao mia tatu, nikafunika kwa gunia. Ukitega sikio pale juu unasikia mchakacho mdogo, kama mvua ya mbali juu ya majani makavu. Siku ya kumi na tatu nikafunua.

Ndani ya pua ya tandala, mwanangu, mna mifupa myembamba kuliko ganda la kitunguu, imejiviringisha mara nyingi. Ukiipulizia inatikisika. Kwa kisu ningeivunja, na maji ya moto yangeilegeza yote ikaanguka. Wao waliingia mia tatu, wakala kila kilicholiwa, wakatoka, na hakuna mfupa hata mmoja uliosogea mahali pake. Nilikishika kile kichwa nikaogopa. Nilitambua kwamba hao niliokuwa nawaita waharibifu wanajua mpaka wa kazi yao kuliko mimi. Mwalimu alikuja akavua kofia bila kujua kwamba ameivua.

Bibi yako anaanza kuzeeka. Kila Ijumaa anauliza kama kuna barua ya Geita, kisha anahesabu vidole vyake kimya kimya, na nikimtazama anaficha mkono. Nimemuuliza anahesabu nini, akasema mbuzi. Mbuzi tunao wanne tu.

Kaeni salama, na uniambie kama wadudu wamekoma.

Ngassa, mtemi wa kiti


Mgodini Geita,
11 Julai 1954

Kwa Mjomba Ngassa,

Shikamoo Mjomba, na pole sana kwa mguu. Barua hii nitaifupisha, kwa sababu naandikia kitandani na mkono mmoja una kazi nyingine.

Jumanne iliyopita, alfajiri, nimejifungua mtoto wa kike. Ni mzima. Ana nywele nyingi na sauti ya kuita ng'ombe.

Utanisamehe kwa kunyamaza. Wale wawili wa kwanza niliwataja mapema, kila mtu akajua, kisha kila mtu akaja kunililia. Huyu nilisema sitamtaja mpaka alie mwenyewe. Hata kwenye barua sikutaka kuandika, maana barua husomwa kwa sauti. Bibi peke yake ndiye aliyejua. Nilipokuja Krismasi alinishika tumbo bila kuniuliza, kisha akaniita chumbani akanipa kwa siri ngozi yake ya kubebea watoto, ile yenye shanga za ganda la yai la mbuni. Ndiyo hiyo ngozi niliyokuwa nakuandikia. Nilishindwa kukuambia ni ya nini, kwa sababu kuitaja ilikuwa ni kumtaja mtoto.

Jumapili ijayo, tarehe 18, kitovu kitakuwa kimekauka, nami nitamtoa nje kwa mara ya kwanza. Atakuwa mgongoni kwangu, ndani ya ngozi uliyonisaidia kuiokoa. Mdudu hata mmoja hajaonekana akiwa hai tangu nilipopaka. Nimeona niseme haya mwenyewe, na nikushukuru.

Paskalia, mama wa mtu


Shinyanga,
13 Julai 1954

Paskalia,

Salamu zitakuja baadaye. Kama una ngozi ya Bibi ndani ya nyumba, usiifunge mgongoni, usimlaze mtu juu yake, na usiache mtoto yeyote aiguse. Soma hilo kwanza, kisha endelea.

Masele alifika jana na kiberiti chako. Nilikaa mezani na kioo changu nikifurahi. Nilimtoa wa tumbo jeupe, nikamtoa wa buluu, wote wawili wazuri, miguu yote ipo. Nikafikia lile vumbi la pembeni. Kulikuwa na kitu cheupe cha mviringo, nikadhani ni yai la aina nisiyoijua, moyo ukanidunda kwa tamaa ya mambo mapya. Nikakigeuza. Kilikuwa na tundu katikati.

Shanga hiyo haiuzwi dukani. Bibi mzaa mama yangu aliokota mayai ya mbuni yaliyovunjika, akayachonga kwa jiwe vipande mia na zaidi, akashonea ukingo wa ngozi ile. Hii moja upande wake umelika. Nimeiangalia kwa kioo mpaka jicho likatoa machozi. Haikulika kwa wadudu. Ni ufizi, Paskalia. Mama yako alibebwa humo, nami nilibebwa humo, nawe pia, na kila mmoja wetu alinyonya ukingo ule alipoanza kuota meno. Kwa muda niliisahau dawa. Nilikuwa nimeshika kati ya vidole viwili kitu ambacho sisi sote tulikitia mdomoni kabla hatujajua kusema. Kisha nikaikumbuka.

Nilimwendea mama, Bibi yako, kwa fimbo zangu. Nikamuuliza ngozi yake iko wapi. Akasema, "Nani amekuandikia?" Nikamwambia hakuna aliyeniandikia. Nikamweleza unga ule ni nini na niliutuma wapi. Akaketi chini pale pale mlangoni.

"Miezi yote hii nahesabu vidole mbele yako, Ngassa," akasema, "na wewe unaangalia wadudu."

Nilikuandikia kwamba ikikauka haina neno. Haina neno kwa mkono wa mtu mzima anayenawa. Kwa mdomo wa mtoto ina neno kubwa. Na dawa yenyewe haikuhitajika: kuhamisha kapu la furu na kuianika ngozi juani kungetosha. Nami nikwambie na lililobaki. Nilihisi. Mtu haandiki barua mbili kwa ajili ya ngozi ya mbuzi ya kawaida. Nilihisi, nikaogopa kukuuliza, kwa sababu ya wale wawili. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikusaidia kuficha.

Asubuhi hii nimepeleka simu ya maandishi posta kwa jina la Stanslaus: NGOZI YA BIBI INA SUMU MTOTO ASIGUSE. Karani akaniuliza mtoto gani, nikamwambia sijui. Akasema laini ya upande wenu imekatika, itafika Mwanza na kutoka hapo itachukuliwa na gari la barua. Barua hii nampa Masele, anaondoka kesho, lakini ana ng'ombe na vivuko njiani. Nilitaka nije mwenyewe. Watu wanne wamejaribu kunipandisha kwenye lori, plasta ikapasuka, daktari akawafukuza.

Sijui kama amezaliwa. Sijui lolote. Nijibu kwa njia yoyote.

Ngassa


Mgodini Geita,
1 Agosti 1954

Kwa Mjomba Ngassa,

Shikamoo Mjomba. Simu yako na barua yako vilifika siku moja, Jumatatu tarehe 19, saa nne asubuhi. Mtoto nilikuwa nimemtoa Jumapili. Nitakueleza kama yalivyotokea, kwa sababu sijui kuyapanga vinginevyo.

Asubuhi ile walikuja Bhoke na Mwanaima na wanawake wa safu nzima. Nilitoa ngozi sandukuni nikaikung'uta mlangoni, wakaanguka vidundu wakavu kama kumi. Kuku wa Bhoke akaja mbio, akawala wote. Tukacheka, Bhoke akasema kuku wake amealikwa kabla ya wageni. Nikamfunga mtoto mgongoni. Akageuza uso, shavu likalala kwenye ukingo, penye shanga. Tukatoka kwa vigelegele. Tulipita nyumba kwa nyumba, kila mlango anasalimiwa, anatazamwa, anapewa jina la utani. Naamini tulichukua saa nzima.

Tuliporudi, yule kuku alikuwa amelala ubavu karibu na pipa la maji, mabawa wazi, shingo imejipinda. Bhoke akasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Mwanaima akasema ameumwa na nyoka. Mimi niliinama. Kidundu mmoja alikuwa bado pembeni ya mdomo wake, amegeuka, na niliona tumbo lake jeupe.

Mikono yangu ilifungua fundo kabla sijamwambia mtu neno. Bhoke anasema nilikuwa narudia "ndama akilamba, ndama akilamba", na wao wakadhani nimepandwa na pepo. Mtoto alikuwa amelala na midomo imelowa. Sikuweza kujua kama alinyonya ukingo au ni mate yake tu. Tulimwogesha kwa sabuni mara tatu, tukampangusa ulimi kwa kitambaa safi. Stanslaus alikimbia kumleta dresa wa zahanati ya mgodi. Akamshika mshipa, akamfunua macho, akasema hana dawa ya kumpa mtu mdogo hivyo, tumpe maziwa ya mama tu na tungoje.

Lakini hakutaka kunyonya. Mchana mzima alilala, nikimpa ziwa anageuza uso. Wanawake hawakuondoka. Mwanaima alisoma dua upande huu, Bhoke akashika rozari upande ule, na mimi sikuomba, nilikuwa nahesabu pumzi zake. Jumatatu ikawa vile vile. Karani akaja na simu akaisoma kwa sauti uani, ndipo wote wakafahamu.

Jumanne kulipokucha alinyoosha miguu, akalia kwa hasira, akatafuta mwenyewe. Leo ni siku ya kumi na tatu tangu hapo. Ananyonya. Ananyonya mpaka ananiumiza.

Namtazama, Mjomba, kisha nawaza wale vidundu kumi, na mahali walipoangukia, na kuku aliyekuwa anapita. Kama ningekung'uta ngozi ndani ya nyumba ningewafagia. Kama usingeniambia kuhusu tumbo jeupe, ningemwamini Bhoke kwamba ni kideri. Nikifika hapo kwenye mawazo naacha, natafuta kitu cha kushika.

Usijilaumu peke yako. Uliniuliza ni ngozi ya nini, na mimi nikajibu kwa uongo.

Sasa lililo gumu. Stanslaus alichimba shimo la kina cha mtu, mbali na kisima, tukaizika ngozi pamoja na kopo. Nilitaka kubakiza shanga, hata moja, nikashindwa. Bhoke nimemlipa kuku. Mtoto namfunga kwa kanga ya Mwanaima. Ngozi ile imebeba watoto kumi na mmoja wa kwetu, na mimi ndiye niliyeitia udongoni. Sijui utamwambiaje Bibi. Nakuachia wewe, kwa kuwa mimi sina mdomo wa kumwambia.

Jina la mtoto ni Bernadina, na la nyumbani ni Limi.

Paskalia


Shinyanga,
15 Agosti 1954

Kwa mpwa wangu Paskalia,

Marahaba mama. Nisalimie Stanslaus, nisalimie Bhoke na Mwanaima, ambao sijawahi kuwaona na sasa ni ndugu zangu. Mguu umefunguliwa, ni mwembamba na mweupe na unawasha. Ile shanga moja ya kiberitini nimeizika na mimi, chini ya mti wa mnyaa nyuma ya nyumba. Makopo yote ya dawa pale bandani nimeyatia kufuli, na ufunguo nimeufunga shingoni.

Barua yako nilikaa nayo siku mbili. Ile ya tarehe 11 ilikuwa imenifikia wiki tatu nyuma, na tangu siku hiyo mama hakunisemesha wala hakula chakula cha maana. Alikuwa anakaa mlangoni akitazama upande wa posta. Kwa hiyo nilijua lazima nisome, na nilijua pia nikifika kwenye shimo nitamvunja moyo. Ngozi ile alipewa na mama yake siku alipoolewa. Hakuna kitu kingine cha mama yake alichobaki nacho.

Juzi nikaketi mbele yake nikasoma yote bila kuruka neno, polepole kama apendavyo. Kuku, fundo, dresa, Jumatatu. Hakutikisika. Nikasoma Jumanne. Nikasoma shimo, udongo, shanga, watoto kumi na mmoja. Nikasoma jina. Nikakunja karatasi nikangoja.

Akasema, "Rudi nyuma."

Nikamuuliza, "Wapi, mama? Kwenye ngozi?"

"Pale anaponyonya."

Nikarudi, nikasoma. Akasema tena. Nikasoma. Mara ya tatu akaniuliza kama ni kweli umeandika kwamba anakuumiza. Nikamwonyesha maneno kwa kidole, ingawa hajui kusoma, akaweka kidole chake juu ya neno "ananyonya" akakiacha hapo. Kisha akaomba uji, akanywa bakuli mbili. Mpaka leo ninapoandika hajauliza lolote kuhusu ngozi.

Ana ujumbe mmoja kwako, na ameniapisha niuandike kama alivyousema. Anasema: najua kazi ni nyingi na mtoto ni mdogo, usijisumbue kuandika barua ndefu. Uwe unatuma karatasi kila wiki yenye neno hilo moja tu.

Ngassa